Wosia wa kurasa 2 ninao tayari: je, unatosha kabla sijaielimisha familia yangu kuhusu mirathi?

Baba_wa_Watatu aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 47, nimeoa, na nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka 19 na nilimpata katika ndoa ya awali, wa pili ana 12 na wa mwisho ana 6. Mwezi uliopita, baada ya kumzika rafiki ambaye familia yake mpaka leo haijui alikuwa na akaunti ngapi, niliketi jioni moja, nikapakua mfano wa wosia kutoka kwenye intaneti, nikajaza kurasa 2, kisha nikatia sahihi mbele ya mke wangu na jirani yetu, nao wakatia sahihi kama mashahidi. Nimeandika kwamba sehemu yangu ya nyumba pamoja na akiba yangu yote iende kwa mke wangu, gari liende kwa mtoto wa kwanza, na wadogo wawili wagawane kiwanja.

Nyumba tunayoishi imesajiliwa kwa jina langu na la kaka yangu, kwa kuwa tuliinunua pamoja kabla sijaoa. Nina bima ya maisha kupitia kazini, na nina mafao ya uzeeni ambayo fomu yake ya wanufaika niliijaza siku niliyoajiriwa, nikiwa na miaka 24. Kama kumbukumbu yangu ni sahihi, niliandika jina la kaka huyo huyo.

Sasa baba yangu, ambaye ana miaka 78, na wadogo zangu wameniomba niitishe kikao niwaeleze namna ya kupanga mirathi, kwa sababu wananiona kuwa ndiye pekee niliyekwisha maliza. Nasita kuwafundisha wengine jambo ambalo huenda mimi mwenyewe sijalielewa. Je, wosia wangu unatosha? Na katika kikao hicho nianzie wapi?

Karani_Mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, hongera kwa kuandika, kwa maana wengi niliowahudumia dirishani katika miaka yangu ya masjala ya mirathi walifika bila karatasi yoyote mkononi. Hata hivyo naomba nikueleze bila kuzunguka: kabla ya kikao, wosia wako unapaswa kuandikwa upya, na kosa lenyewe limo mahali ambapo watu hawapatazami, yaani katika mstari wa mashahidi.

Mke wako ndiye unayemwachia sehemu kubwa ya mali, na mke wako huyo huyo ametia sahihi kama shahidi. Sheria ya wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo kanuni zake zimeingia katika sheria za nchi nyingi zilizowahi kuwa chini ya Uingereza, inasema kwamba wosia wa namna hiyo hubaki halali, ila kile alichoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, hubatilika. Maana yake ni kwamba katika waraka wako, yule uliyemfikiria kuliko wote ndiye pekee ambaye angetoka mikono mitupu. Zipo nchi zilizolegeza kanuni hii, lakini hakuna haja ya kuibahatisha. Tafuta watu wazima wawili ambao hawamo katika wosia na ambao hawakuoana na yeyote aliyemo, wawepo chumbani wote wawili kwa wakati mmoja unapotia sahihi, kisha watie sahihi zao mbele yako. Hawana haja ya kusoma yaliyomo, kwa kuwa wanachoshuhudia ni mkono wako, na matakwa yako yanaweza kubaki siri.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya mali uliyoitaja huenda haiguswi na wosia kabisa. Tuanze na nyumba. Watu wawili wanaweza kumiliki nyumba kwa njia mbili zinazofanana kwa sura lakini zinatofautiana sana mmoja anapofariki. Katika njia ya kwanza, sehemu ya marehemu humwangukia mwenzake aliyebaki papo hapo, wosia useme usemavyo. Katika njia ya pili, kila mmoja ana hisa yake, na hisa hiyo huingia katika mirathi yake. Usitegemee mlivyokubaliana kwa mdomo wewe na kaka yako. Toeni hati, msome maneno yaliyoandikwa karibu na majina yenu, na kama ni njia ya kwanza na hamuitaki, taratibu za kuibadilisha mngali hai zipo na kwa kawaida si ngumu.

Mafao na bima ndiyo mahali ninapokuonea wasiwasi zaidi. Kwa kawaida fedha hizi hulipwa kwa mtu aliyetajwa katika fomu ya mfuko au ya kampuni ya bima, na haziingii katika mirathi. Kuna shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2009 ambalo nilikuwa nikiwasimulia vijana waliokuja kujifunza kazi ofisini kwetu. Mfanyakazi mmoja aliachana na mke wake mwaka 1994, na amri ya talaka ikaeleza wazi kwamba mke ameacha haki yake katika akiba ya kazini ya mume. Mume hakubadilisha fomu. Alipofariki mwaka 2001, akiba hiyo, ambayo ilikuwa takriban dola 402,000, ikalipwa kwa mtalaka wake, na mirathi ilipofungua kesi, mahakama ikaamua kwamba mfuko haukukosea kwa sababu ulifuata fomu iliyokuwapo. Iko mifuko ambayo wadhamini wake wana hiari ya kupima hali ya familia, lakini hata hao huanza kwa kusoma fomu. Yako ina miaka 23. Iombe kesho.

Nyongeza ndogo, nayo ni mazoea ya masjala tu: ukishabana kurasa za wosia mpya kwa pini, usiibandue ili kupiga nakala. Karani akiona matundu mawili ya pini ya zamani pembeni, atauliza ni karatasi gani iliyoondolewa, na warithi wako watalazimika kulijibu swali hilo kwa kiapo.

Mwenye_Funguo alijibu:

Kaka, Karani amekueleza ya sheria, nami naomba nikueleze yaliyonikuta nilipokuwa msimamizi wa mirathi ya mjomba wangu, aliyekuwa mtu mwangalifu na aliyeacha wosia usio na dosari.

Wosia ulipatikana siku ya pili. Kilichonichukua miezi 16 ni kujua alichokuwa nacho. Katika droo ya meza yake nilikuta funguo 7 zilizofungwa kwa uzi mwekundu, bila maandishi yoyote. 4 zilifungua milango ya nyumbani, 1 ilikuwa ya kabati la ofisi aliyoiacha miaka mingi nyuma, na 2 mpaka leo zimo kwenye kikombe jikoni kwangu kwa sababu sijapata kufuli lake na ninaogopa kuzitupa. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa alama ya kidole, na benki ilikuwa ikituma taarifa zake kwenye simu hiyo hiyo. Mwezi wa tano akajitokeza mtu mwenye karatasi iliyosema kwamba mjomba alimdhamini katika mkopo. Sahihi ilikuwa ya mjomba kweli. Hapo nilikuwa nimekwisha wagawia binamu zangu sehemu ya fedha, jambo ambalo sikupaswa kulifanya, kwa kuwa madeni ya marehemu hulipwa kwanza na mgawo hufuata baadaye. Msimamizi akigeuza utaratibu huo anaweza kudaiwa yeye binafsi. Nilipiga simu za kuwaomba ndugu warudishe fedha walizokwisha zitumia, na katika maisha yangu sijawahi kupiga simu ngumu kuliko hizo.

Kwa hiyo ukiniuliza kikao kianzie wapi, nitakuambia kianzie kwenye karatasi moja, tofauti na wosia, inayosema kila kitu kiko wapi: akaunti ziko benki gani, bima ni ya kampuni gani na namba yake ni ipi, hati zimehifadhiwa wapi, nani anakudai, unamdai nani, na umemdhamini nani. Hilo la mwisho watu hulisahau daima. Nywila usiziandike ndani ya wosia, kwa maana katika nchi nyingi wosia ukishathibitishwa na mahakama unaweza kusomwa na mtu yeyote. Kwa akaunti za mtandaoni, tumia njia ambazo watoa huduma wenyewe wameziweka: Google ina mpangilio, tangu mwaka 2013, unaokuruhusu kuchagua mtu wa kupewa taarifa zako endapo hutaonekana kwa miezi kadhaa, Facebook ilianza kuruhusu mtu wa kuangalia ukurasa wa marehemu mwaka 2015, na Apple ikafuata mwishoni mwa 2021.

Halafu uwaambie wosia halisi uko wapi. Mwimbaji Aretha Franklin alifariki Agosti 2018 na familia yake ikaamini kwamba hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana nyaraka alizoziandika kwa mkono, mojawapo ya mwaka 2014 ikiwa ndani ya daftari chini ya mito ya kochi, na wanawe wakavutana mahakamani mpaka Julai 2023, baraza la mahakama lilipoamua kwamba daftari la kwenye kochi ndilo wosia wake. Huo ni karibu miaka 5 kwa ajili ya daftari ambalo hakuna aliyeambiwa lilipo.

Mgeni_wa_Jukwaa alijibu:

Mimi nina shaka kidogo na kikao cha wote kwa pamoja. Nimeona familia ambayo mzee alitaja kiasi cha fedha mbele ya watoto, na kuanzia siku hiyo kila alilolifanya likawa linapimwa kwa kiasi kile. Waeleze utaratibu, mahali pa nyaraka, na majina ya wasimamizi; thamani za mali zibaki kwako na kwa msimamizi. Na huyo msimamizi aulizwe kwanza kama anakubali, kwa maana si haba wanaojifunza kwamba wameteuliwa siku ya msiba.

Baba_wa_Watatu aliandika:

Nawashukuru sana. Nilipomsomea mke wangu jibu la Karani alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Tutaandika upya.

Nina maswali mawili zaidi. La kwanza ni kuhusu kiwanja nilichowaachia wadogo: mmoja ana miaka 6, na sijui mtoto wa umri huo anamilikije ardhi. La pili ni kuhusu baba. Bado ana akili timamu, lakini ameanza kusahau majina, na akaunti zote ziko kwa jina lake peke yake. Je, wosia wake utanisaidia kulipia matibabu yake ikifika siku hawezi kwenda benki?

Mshauri_wa_Familia alijibu:

Nianze na swali la pili, kwa sababu ndilo lenye haraka. Wosia hausemi neno lolote mpaka mwenyewe afariki; mtu aliye hai lakini asiyeweza kuamua hasaidiwi nao hata kidogo. Kinachohitajika ni hati ya uwakala, ambayo kwayo baba yako anamteua mtu wa kushughulikia fedha zake, na pale sheria inaporuhusu, mtu wa kuzungumza na madaktari kwa niaba yake. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Hati ya kawaida ya uwakala hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani hukuacha wakati ule ule unapoihitaji, isipokuwa iwe imeandikwa kwa namna ambayo sheria ya nchi yenu inatambua kwamba itaendelea hata baada ya hapo. Tena lazima aitie sahihi angali anaelewa anachokifanya. Mkichelewa, njia inayobaki ni kuomba mahakama imteue msimamizi wa mali zake, jambo linalochukua muda, linagharimu fedha, na linamlazimu mzee kujadiliwa mbele ya watu asiowajua. Kusahau majina peke yake hakumwondolei mtu uwezo wa kisheria, lakini ningekuwa wewe ningemwomba daktari amwone wiki hiyo hiyo ya kutia sahihi na kuandika maoni yake, ili baadaye asitokee wa kudai kwamba mzee alishikwa mkono. Na mjue kwamba hati hii nayo hukoma siku ya kifo: kuanzia hapo kadi ya benki ya baba haiguswi mpaka msimamizi wa mirathi athibitishwe, hata kama fedha zinazotakiwa ni za mazishi.

Kuhusu mtoto wa miaka 6, mali ya mtoto mdogo inahitaji mtu mzima wa kuishika, na usipomtaja wewe, sheria itamtafuta. Njia iliyozoeleka ni amana: unawapa wadhamini, walau wawili, kiwanja kile wakishike na kukitunza kwa manufaa ya watoto, unawaruhusu kutumia mapato yake kwa ada na matibabu, na unataja umri wa kukabidhi. Watu wengi huandika 18 kwa mazoea. Mimi huwauliza wanaonijia: wewe ulipokuwa na miaka 18, ungekabidhiwa kiwanja, kingekuwapo mpaka leo? Wengi hubadilisha na kuandika 23 au 25. Tofautisha pia mlezi na mdhamini, kwa sababu anayefaa kumlea mtoto si lazima awe ndiye anayefaa kushika fedha zake, na kuwatenganisha kunawapa watu wawili nafasi ya kuangaliana. Fahamu tu kwamba kumteua mlezi hakumwondoi mzazi mwenzako aliye hai.

Kuna jambo katika swali lako la kwanza ambalo limepita bila kuguswa. Umemwachia mtoto wa kwanza gari. Siku ukiliuza, mtoto huyo kwa kawaida hapati chochote, kwa kuwa kitu ulichomtajia hakipo tena, ilhali wadogo zake wana ardhi na mama yao ana akiba. Hukukusudia hivyo, lakini mtoto aliye nje ya ndoa ya sasa atausoma wosia ule kwa jicho tofauti na lako. Ni salama zaidi kugawa kwa asilimia, kisha uongeze kifungu kinachosema mali nyingine yoyote isiyotajwa iende kwa nani, na kingine kinachosema nani achukue nafasi endapo uliyemtaja atatangulia kufariki. Mifano ya mtandaoni mara nyingi huviacha vifungu hivi viwili, na mali isiyotajwa hugawanywa kana kwamba hukuandika wosia kabisa.

Msomaji_wa_Sheria alijibu:

Naongeza tahadhari moja ambayo naona imesahaulika: mfano uliopakua uliandikwa kwa sheria ya nchi fulani, na huenda si ya kwenu. Uhuru wa kugawa mali unavyotaka haufanani kila mahali. Nchini Ufaransa watoto wana fungu lililohifadhiwa ambalo mzazi hawezi kuwanyima kwa wosia: nusu ya mali kama mtoto ni mmoja, theluthi mbili kama ni wawili, na robo tatu kama ni watatu au zaidi. Mwenye watoto watatu kama wewe angebaki na robo tu ya kuiamulia. Katika sheria ya Kiislamu, baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni, wosia hauvuki theluthi moja ya kinachobaki, na mrithi mwenye fungu lake hausiwi zaidi ya fungu hilo mpaka warithi wengine waridhie. Mali iliyosalia hugawanywa kwa mafungu yaliyokwisha wekwa. Uingereza mtu ana uhuru mpana, lakini tangu sheria ya mwaka 1975 mwenzi, mtoto au mtegemezi aliyeachwa bila matunzo ya kutosha anaweza kuiomba mahakama impatie sehemu.

Hata madeni hayafanani. Aliyosimulia Mwenye_Funguo yanahusu mfumo ambao deni huishia kwenye mali ya marehemu. Katika mfumo wa Ufaransa, mrithi anayepokea mirathi bila masharti hubeba na madeni yake, ndiyo maana sheria inampa nafasi ya kukataa, au ya kupokea kwa kiwango cha mali iliyopo tu. Kwa hiyo ndugu wanaoishi nchi tofauti wasinakili wosia wa mmoja wao. Ardhi, hasa, hufuata sheria ya mahali ilipo katika nchi nyingi, hata kama mwenyewe anaishi bara jingine.

Mwisho, ulitaja ndoa ya awali. Kama wakati huo uliwahi kuandika wosia wowote, hata wa nusu ukurasa, wosia mpya uanze kwa kuufuta waziwazi.

Baba_wa_Watatu aliandika:

Ndugu zangu, ninarudi na taarifa baada ya wiki tatu.

Hati ya nyumba tumeisoma mimi na kaka. Ilikuwa ile njia ya kwanza, ya anayebaki kuchukua yote, na sote wawili tulikuwa tukiamini kinyume chake kwa miaka 20. Tumekwisha mwona wakili ili tuigawe katika hisa. Baba ametia sahihi hati ya uwakala baada ya kuonwa na daktari wake, na ameniteua mimi pamoja na dada yangu, kwa sharti lake mwenyewe kwamba tusitoe fedha zinazozidi kiwango fulani bila sahihi zote mbili. Kikao tulikifanya Jumamosi. Nilifuata ushauri wa Mgeni na sikutaja thamani yoyote. Nilisambaza karatasi tupu kama ile aliyoieleza Mwenye_Funguo, na tukakaa kimya karibu saa nzima kila mtu akijaza yake. Mdogo wangu wa mwisho alikwama kwenye mstari wa udhamini, akatoka nje kupiga simu, na aliporudi akaandika majina mawili.

Wosia wangu mpya umekwisha andikwa, na mashahidi ni wafanyakazi wawili wa ofisi ya wakili. Mtoto wa kwanza hana tena gari, ana fungu sawa na wadogo zake.

Fomu ya mafao ilifika jana. Kumbukumbu yangu haikuwa sahihi: jina lililomo si la kaka, ni la mama yetu, na mama alifariki miaka 9 iliyopita. Nimejaza fomu mpya, na kesho asubuhi ninaipeleka mwenyewe ili nigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu.